Fundi wa Katuba aliyekataa dola 220

Mwezi wa tatu 2024, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma anayekaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, aliitwa kwenye karakana ya kutengeneza bodi za malori upande wa barabara ya Kipushi. Walimpa vipande viwili vya bamba aviunge. Patroni akapitisha kidole juu ya mshono, akaridhika, akamtajia mshahara: dola 220 kwa mwezi, yote ndani. Fundi akaomba 450. Hawakuelewana, akarudi nyumbani. Wakati huo alikuwa amemaliza miezi kumi bila kazi ya mshahara, ana mke, watoto wawili, na dada yake mdogo anayesoma sekondari humo humo nyumbani.

Ukoo ulipopata habari, hukumu ilitoka haraka. Kaka yake mkubwa alisema ni kiburi. Mjomba akasema mtu mwenye njaa hachagui sahani. Wakamleta kwangu, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga dosye (makaratasi) za kuomba kazi, na walitumaini nitamshusha bei. Yeye akaniambia: "Yaya, banasema niko mvivu. Lakini mi siwezi kutumika bule." Yaani, hawezi kufanya kazi bure.

Naeleza kisa chake kwa ruhusa yake na bila jina lake, kwa sababu neno kiburi nalisikia karibu kila wiki, na mara nyingi linafunika hesabu ambayo hakuna aliyekaa chini kuifanya. Kiasi anachotaka mtafuta kazi huwa na vitu vingi ndani yake. Vingine ni kumbukumbu, vingine ni hofu, na vingine ni nauli tu. Ukikipinga kiasi chote kwa pamoja, hutajua umepinga nini.

Kwa hiyo tulichukua daftari, tukaanza na nauli. Kutoka kwake hadi karakana ile alihitaji taksibasi mbili kwenda na mbili kurudi, faranga 1.000 kila moja. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni faranga 104.000, karibu dola 37 kwa bei ya dola ya wakati ule, iliyokuwa ikizunguka 2.800. Chakula cha mchana kazini, bukari (ugali) na mboga kwa mama muuzaji wa mlangoni, faranga 3.000: kwa mwezi dola 28. Hivyo kabla hajaleta chochote nyumbani, dola 65 zimeshabaki njiani. Zinabaki 155.

Halafu nikamuuliza swali ambalo ukoo haukumuuliza: sasa hivi unaishi na nini? Mtu wanayemwita hana kazi alikuwa anachomelea. Milango ya chuma, madirisha ya kuzuia wezi, miguu ya majiko ya makala (makaa), geti la jirani lililong'oka. Mashine ni yake, umeme ni wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokuwepo, na wiki ambazo umeme hauji kabisa hapati kitu. Tuliandika alichopata miezi minne iliyopita kadiri alivyokumbuka, mke wake akimsahihisha, kwa sababu yeye ndiye anayepokea hela na kuzitoa. Wastani ulikuwa kama dola 120 kwa mwezi. Akienda karakana Jumatatu hadi Jumamosi, kazi hizo zingebaki za Jumapili tu baada ya misa, labda dola 30. Angepoteza 90. Toa 90 katika 155, zinabaki 65.

Kisha likaja jambo lililomsumbua kuliko yote, ambalo hata kwa patroni hakulitaja kwa kuogopa kuonekana mgomvi. Karakana ile ilikuwa na sifa ya kuchelewesha mishahara. Wafanyakazi wawili aliowakuta pale walimnong'oneza kwamba mshahara wa mwezi hutoka katikati ya mwezi unaofuata, na siku nyingine hutoka nusu. Familia isiyo na akiba inapita pengo hilo kwa kukopa, na mkopo wa mtaani ni ule wa kuchukua dola 100 na kurudisha 130. Mshahara ukiwa na tabia ya kuchelewa, deni hilo linajirudia. Toa 30. Zinabaki dola 35.

Dola 35 kwa siku 26 za kuinama juu ya vyuma: dola moja na senti 35 kwa siku ndiyo faida halisi ambayo kazi ile ingemwongezea. Kaka yake alipoona daftari alikaa kimya, halafu akauliza kama tumehesabu sabuni ya kufulia ovaroli. Hatukuwa tumeihesabu.

Wachumi wana jina na umri wa mawazo haya. Tangu John McCall alipoandika juu ya utafutaji kazi mwaka 1970, inaelezwa kwamba mtafuta kazi ana kima cha chini kichwani: ofa ikikifikia anakubali, ikiwa chini anaendelea kutafuta. Kima hicho kinategemea anachopata akiwa hana kazi, gharama ya kutafuta, na anavyodhani ofa nyingine zitakuwaje. Katika nchi zenye posho ya ukosefu wa kazi, mjadala mwingi huwa juu ya posho hiyo: je, inawafanya watu wachague sana? Kongo haina posho hiyo. Kinachoshika nafasi yake ni mashine ya kuchomelea, meza ya mke sokoni, chumba katika lupango (kiwanja) la baba, na kaka anayetoa nusu gunia la unga. Kila kimojawapo kinapandisha au kushusha kile kima. Fundi asiye na mashine yake mwenyewe angeshakubali zile 220, na majirani wangemsifu kwa unyenyekevu.

Lakini hesabu yetu ilikuwa inaeleza kwa nini alikataa 220. Haikueleza kwa nini aliomba 450. Kwa daftari lile, kazi ya dola 280 au 300 ilikuwa inatosha kumtoa nyumbani. Zile 150 za juu zilitoka wapi?

Sehemu ya kwanza ilitoka kwenye kazi yake ya mwisho. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya sous-traitance, inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa, kwenye mradi wa ujenzi kuelekea migodi ya Fungurume, dola 480 kwa mwezi, analala na kula kambini. Ujenzi ulipoisha, mkataba nao ukaisha. Hili watu wengi wa Katanga tunalijua kwa macho ingawa hatulisemi wazi: mgodi unapojengwa unahitaji wachomeleaji wengi sana, na unapoanza kuzalisha unahitaji wachache. Mshahara wa kipindi cha ujenzi ni wa kipindi hicho. Kwa fundi wetu, 480 zilishakuwa bei yake, kama kwamba zimeandikwa kwenye cheti chake cha INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi.

Hayuko peke yake katika hilo. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia watu wapatao 6.000 waliokuwa wanapokea posho ya ukosefu wa kazi New Jersey, Marekani, wakiwauliza kila wiki kiasi cha chini wanachoweza kukubali. Watu walianza karibu kabisa na mshahara wao wa zamani, na wiki zilivyopita kiasi kile kilishuka kidogo mno. Mjomba wa fundi wetu aliamini kwamba njaa inashusha bei yenyewe, tumwache tu. Wale wa New Jersey walikuwa na posho na huyu hana, lakini baada ya miezi kumi naye alikuwa ametoka 480 hadi 450.

Sehemu ya pili ilitoka kwa baba yake. Mzee ni mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na baba wa mzee alikuwa wa Union Minière, kampuni iliyoitangulia, iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967. Nyumba ilikuwa ya kampuni, watoto walisoma shule za kampuni, ukiumwa unakwenda hospitali ya kampuni, na mposho (chakula cha kampuni) ulikuja kila mwezi hata kama hela ni kidogo. Watu waliita kampuni baba, na hawakuwa wanatania. Kisha uzalishaji ukaporomoka baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka 1990, miezi ikapita bila mishahara, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mzee alikuwa mmoja wao. Alipoulizwa juu ya zile 220 alijibu kwamba kazi isiyo na nyumba, isiyo na dawa na isiyo na mposho ni kibarua, haijalishi wanaiita nini.

Vijana humcheka mzee kwa kauli kama hiyo. Mimi naona ana sheria upande wake. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema matibabu, makazi au posho yake, posho za familia na usafiri si sehemu ya mshahara: vinakuja juu yake. "Yote ndani" ya patroni yule ina maana kwamba mambo ambayo sheria inayaweka nje ya mshahara yamemezwa na 220. Kwa hiyo mtoto anapoomba 450, kwa kiasi fulani anajaribu kununua kwa hela taslimu kile ambacho baba yake alipewa bila kuomba. Anaziita mshahara, lakini humo mna daktari wa watoto na kodi ya nyumba.

Ajabu ni kwamba kima cha chini cha serikali hakikutajwa na mtu yeyote katika mazungumzo haya yote. Kilikuwa faranga 7.075 kwa siku tangu 2018. Kilipowekwa kilizidi dola nne. Kufikia 2024 kilikuwa kimeshuka hadi dola mbili na nusu hivi kwa sababu faranga ilishuka. Kiwango cha namna hiyo hakimsaidii mtu kujipima. Mwaka uliofuata kilipandishwa, lakini kisa chetu kilikuwa kimeshakwisha.

Sehemu ya tatu ni masikio. Matangazo ya kazi yanayozunguka WhatsApp hapa mjini karibu yote hayataji mshahara. Mahali pasipo na tarakimu, hadithi inaingia. Na hadithi inaletwa na nani? Inaletwa na rafiki aliyepata nafasi mgodini, anayerudi likizo na kununua bia ya Simba kwa meza nzima. Aliyepata 180 hasemi. Anasema tu "niko natumika", mazungumzo yanahamia mpira. Fundi wetu alikuwa na marafiki wawili waliorudi migodini kwa dola 600 na zaidi, na hao ndio aliowaita "soko".

Nilimwomba awapigie simu wenzake wote wa timu ya Fungurume, siyo wale wawili tu. Tulifanya hivyo jioni moja, simu kwenye meza, sauti ya nje. Mmoja alikuwa Likasi, analipwa 300 na anapanda gari la kampuni. Mwingine alikuwa karakana ya hapa mjini kwa 200, na mwezi wa pili haujalipwa. Mmoja aliacha chuma kabisa, yuko Kasumbalesa mpakani anahangaika na makaratasi ya malori. Wengine walikuwa kama yeye, milango na madirisha. Mmoja alikuwa anaomba amkopeshe. Alizima simu baada ya huyo wa mwisho na kusema: "Kumbe nilikuwa nasikia sauti mbili tu."

Jambo hili limeonekana kwingine pia. Johannesburg, Abhijit Banerjee na Sandra Sequeira walichunguza vijana watafuta kazi waliopewa msaada wa nauli waweze kwenda kutafuta katikati ya mji. Vijana wale walikuwa wanatarajia mishahara mikubwa kuliko iliyokuwepo, na waliotoka kwenda kuona kwa macho walishusha matarajio yao. Ukifikiria, ni kawaida: kujua bei ya soko kunahitaji nauli, na asiye na kazi ndiye asiye na nauli. Tunamlaumu kwa kutojua kitu ambacho kukijua kunagharimu faranga 4.000 kwa siku.

Kuna sehemu ya nne, na hii mke wake ndiye aliyeisema, tena baada ya wanaume wa ukoo kuondoka. Mume wake alipokuwa na zile 480, ada ya mtoto wa dada yake ilikuwa juu yake, dawa za mama juu yake, na kila matanga mchango wake ulitajwa kabla hajafika. Kazi ilipoisha, walimwacha. "Hana kazi" ni kinga. Akianza kazi ya 220, ukoo hautauliza ni ngapi. Utasikia tu kwamba fundi yuko kazini, na majukumu yatarudi kama ya 480. Mke alisema hivi: mtu asiye na kazi anachangia kiti cha matanga kwa kukikalia, mtu mwenye kazi anachangia kwa bahasha.

Nimelifikiria sana hili, kwa sababu wakubwa walewale waliomwita mwenye kiburi ndio waliokuwa wakingoja mshahara wake. Nchini Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier walionyesha kwa majaribio vijijini kwamba wanawake walikuwa tayari kupata hela kidogo ili jamaa wasijue wamepata nini. Katika kisa chetu mtu anakwepa kazi ndogo kwa sababu hawezi kuificha. Fundi akikubali 220, lazima awe pia na nguvu ya kusema hapana kwa mama yake mdogo kwenye matanga, na nguvu hiyo hapa Katuba watu wachache sana wanayo. Kwa hiyo anaomba mshahara unaotosha yeye na ukoo, au anabaki nyumbani ambako anadaiwa na mke peke yake.

Na mwisho kuna ujanja wa kawaida wa kupatana bei. Alipotaja 450 hakuwa anategemea kupewa 450. Alijua patroni atakata. Pia aliogopa kwamba akitaja 250, mwajiri atakayefuata atamuuliza alikuwa analipwa ngapi, na jibu hilo litamfunga kwa miaka. Mwajiri akiuliza "unataka kiasi gani?" anadhani ameuliza swali jepesi. Amejibiwa bei ya kufungulia mazungumzo, naye anaandika kwamba mtu huyu ni ghali.

Tulipomaliza, nilimwomba asiwe tena na kiasi kimoja. Mgodini, ambako mtu analala mbali na nyumbani na mkataba una mwisho, aendelee kuomba 500. Hapa mjini, aanze na 300, lakini kila ofa aiandike upya kwa daftari: nauli nani analipa, chakula kipo, mshahara unatoka siku gani, kuna avansi (sehemu ya mshahara inayotolewa mapema) katikati ya mwezi. Kaka yake alitaka tuongeze kwamba akubali chochote kitakachokuja. Nilikataa, na mke wake alikataa kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Karakana ya kwanza ilikuwa imeshachukua mtu mwingine. Wiki chache baadaye alijaribiwa na karakana ya Kampemba inayotengeneza matangi ya maji. Akaomba 300. Patroni akasema 250 na hataongeza hata faranga. Fundi hakuondoka kama mara ya kwanza. Aliuliza juu ya chakula: kinapikwa hapo hapo kwa wafanyakazi wote. Aliuliza juu ya avansi: inatoka siku ya 15, na mshahara siku ya mwisho ya mwezi. Akaomba nafasi ya kuzungumza na wafanyakazi, wakamthibitishia. Nauli ilibaki juu yake, dola 37 zilezile.

Fanya hesabu: 250 toa 37 ni 213. Toa 90 za milango na madirisha, zinabaki 123, na hakuna deni la mtaani. Mshahara uliotajwa ulizidi ule wa kwanza kwa dola 30. Nyumbani tofauti ilikuwa 88. Alikubali siku ileile.

Kuhusu ukoo, yeye na mke wake waliamua wenyewe: ada ya mtoto wa dada wataichukua nusu, na walikwenda kulisema kabla ya mshahara wa kwanza kutoka. Dada alikasirika, wakavumilia.

Hadi ninapoandika bado yuko Kampemba, na bado anatuma dosye migodini. Kinachobaki ni kuandikishwa kwenye CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Patroni anasema atafanya baada ya kipindi cha majaribio, ambacho kwa fundi sheria inakiruhusu hadi miezi sita, na miezi sita imepita. Baba yake ndiye anayemsukuma zaidi juu ya hilo. Amemwambia aingie ofisini na karatasi mkononi, aombe namba yake, na asikubali kujibiwa kwa mdomo.